Seva saba, fundi mmoja: je, uzisimamie zote kutoka sehemu moja?

Swali la kwanza huwa ni idadi: nikifikisha seva ngapi ndipo nizisimamie kwa pamoja? Mimi siamini idadi. Seva tano zinazofanana zinahitaji usimamizi wa pamoja kuliko kumi ambazo kila moja ina kazi yake na fundi wake. Kipimo changu ni hiki: mwenzako mwenye ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) akiacha kazi Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi unaweza kuapa kwamba hakuna seva hata moja itakayompokea? Kama lazima kwanza uingie moja baada ya nyingine ukipekua, jibu lako umeshalipata nusu.

Ninatunza seva saba za chuo chenye kampasi mbili, Mwanza na Bukoba. Zote ni za Linux: tatu ni Debian 12, mbili Ubuntu 22.04, moja Ubuntu 20.04, na moja ni CentOS 7 ya zamani iliyobeba mfumo wa uhasibu ambao hakuna aliyethubutu kuuhamisha. Tarehe 1 Julai 2024 ulitangazwa udhaifu wa OpenSSH, programu ya SSH inayotumika kwenye seva hizi, ulioitwa regreSSHion (CVE-2024-6387). Kwa matoleo ya miaka ya karibuni, uligusa kuanzia 8.5p1 hadi 9.7p1. Maana yake Debian 12 na Ubuntu 22.04 zilikuwa hatarini, lakini Ubuntu 20.04 yenye 8.2 na CentOS 7 yenye 7.4 zilisalimika. Na hiyo CentOS 7 muda wake wa kupewa masasisho ulikuwa umekwisha jana yake, tarehe 30 Juni. Siku kama hiyo, mwenye orodha sahihi anajua mara moja kwamba ni tano za kushughulikia, tena ni zipi. Asiye nayo anabahatisha.

Kwa hiyo kabla hujasakinisha chochote, pima. Andika majina ya seva kwenye faili `seva.txt`, kisha zipitie zote, ukiuliza toleo la mfumo, toleo la SSH, alama ya faili la mipangilio ya SSH (`sshd_config`), na kama saa imelinganishwa:

```
for s in $(cat seva.txt); do
  echo "== $s"
  ssh -t "$s" 'grep PRETTY /etc/os-release; ssh -V;
    sudo sha256sum /etc/ssh/sshd_config;
    timedatectl | grep synchronized'
done
```

Halafu tafuta funguo zote zinazoruhusiwa kuingia, ambazo hukaa kwenye faili `authorized_keys`, kwa `sudo find /root /home -name authorized_keys`. Jina lililoandikwa mwishoni mwa mstari wa ufunguo si ushahidi, kwani mtu anaweza kuandika chochote pale; linganisha alama zake kwa `ssh-keygen -lf`.

Sasa kaa na matokeo, usiharakishe. Kila tofauti unayoiona iulize: nani aliitaka, na kwa nini? Seva ya hifadhidata kuwa na mipangilio yake ya kumbukumbu ya RAM ni tofauti ya makusudi, iache. Lakini seva mbili za tovuti zinazofanya kazi ileile, moja inakataa kuingia kwa nywila na nyingine inaruhusu, hakuna aliyelipanga hilo. Limetokea tu. Tofauti zako nyingi zikiwa na sababu, zisimamie kama zilivyo. Nyingi zikikosa mwenyewe, kusanya usimamizi wako sehemu moja.

Na ukisema kukusanya, tenganisha mambo matatu ambayo watu huyafunga pamoja: mipangilio, akaunti za watumiaji, na kumbukumbu za matukio (logi). Kila moja lina uamuzi wake.

Kumbukumbu za matukio hazina mjadala. Zitume kwenye mashine nyingine kwa rsyslog, programu ya kupokea na kutuma kumbukumbu hizo, hata ukiwa na seva mbili tu, maana mvamizi akishaingia huanza kufuta nyayo zake palepale alipo.

Kwa mipangilio, ukubwa wetu huu unatoshwa na Ansible, zana inayoweka mipangilio ileile kwenye seva nyingi kwa amri moja. Inaingia kwa SSH ileile unayotumia wewe na kuendeshwa na Python iliyoko kwenye seva, bila wakala (programu yake ya kudumu kwenye kila seva) wa kusakinisha wala huduma inayosikiliza muda wote. Puppet na Salt, zana nyingine za aina hiyo, ni kazi nzuri, lakini kwa kawaida zinataka seva yao kuu, na mtu mwenye seva saba hana haja ya kuifanya ya nane iwe ndiyo mtawala.

Akaunti ndizo ninazozionea uchungu zaidi, kwa sababu ndipo watu huvutwa mapema mno na FreeIPA, mfumo wa kuweka akaunti za seva zote mahali pamoja. FreeIPA hutegemea Kerberos, mfumo wa kuthibitisha mtumiaji ni nani, nayo Kerberos kwa kawaida hukataa saa zikipishana zaidi ya dakika 5. Fikiria umeme umekatika Bukoba, betri ndogo ya ubao mama imekufa, seva imewaka ikiwa na tarehe ya zamani, na kiungo cha Mwanza bado hakijarudi. Saa hiyo ndiyo unayotaka kuingia kuliko wakati wowote. Kwa mafundi watatu au wanne, tumia akaunti za kawaida za kila seva na uache Ansible isambaze na kuondoa funguo. Wakifika ishirini, au wanafunzi nao wakianza kuingia kwa akaunti zao, hapo FreeIPA ina nafasi yake, tena ukiwa na nakala zake mbili na akaunti moja ya dharura ndani ya kila seva.

Pima pia hatari ya upande wa pili. Mwaka 2020 udhaifu wa Salt, CVE-2020-11651, uliwapa wavamizi uwezo wa kuamuru kila mashine iliyo chini ya seva kuu iliyoachwa wazi kwenye intaneti. LineageOS na Ghost ni miongoni mwa waliovamiwa. Anayeteka kituo ameteka vyote. Kompyuta unayoendeshea Ansible iwe na diski iliyofichwa kwa usimbaji, ufunguo wenye nenosiri lake, na faili zako ziwe kwenye Git (zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili) yenye nakala mahali pengine.

Kama una seva mbili tatu tofauti na uko peke yako, usijitwike mzigo. `unattended-upgrades` kwa masasisho ya usalama, `etckeeper` kwa historia ya `/etc`, na faili moja inayosema kila seva inafanya nini: hiyo ni kazi safi.

Ukiamua kukusanya, anza na kitu kimoja kidogo: funguo, au saa kwa chrony, programu ya kulinganisha saa za seva. Endesha kwanza kwa `--check --diff` uone kitakachobadilika bila kubadilisha kitu. Weka `serial: 1`, yaani seva moja baada ya nyingine, ili kosa liishie kwenye seva ya kwanza. Usitarajie kuziingiza zote: ansible-core 2.17 (kiini cha Ansible) ya Mei 2024 iliacha kuhudumia seva zenye Python 2.7, ambayo ndiyo CentOS 7 inakuja nayo, kwa hiyo mashine ya uhasibu ibaki nje ya mpango, nyuma ya ngome ya mtandao (firewall), ikiwa na tarehe ya kuhamishwa iliyoandikwa. Na unapofika kwenye `sshd_config`, iache Ansible iikague kwa `validate: /usr/sbin/sshd -t -f %s` kabla ya kuiweka, huku dirisha la pili la SSH likiwa wazi kwenye seva hiyohiyo mpaka umeingia upya kwa dirisha la tatu.