Taa ya oili inapepesa kwenye gari la zamani: pima presha kabla ya kununua chochote

Taa nyekundu yenye picha ya kikopo kinachodondosha tone haisemi oili imebaki kiasi gani. Inasema presha. Kwenye Toyota za zamani ninazozishika kila siku gereji, Corolla 110 na ndugu zake, swichi ya presha iliyofungwa kwenye injini huiwasha taa presha ikishashuka hadi 0.3 bar hivi, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa injini ya 4A-FE, mojawapo ya injini za Corolla hizo, ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa hiyo taa ikianza kupepesa, ama injini imefika ukingoni, ama swichi inadanganya. Kazi yako ni kujua lipi kati ya hayo mawili, na nakuomba sana usitoe hela yoyote ya spea kabla hujajua.

Ikiwaka moja kwa moja ukiwa barabarani, au ikipepesa ukiwa kwenye mwendo, weka gari pembeni na uzime hapo hapo. Usiseme ngoja nifike Mbezi kwanza. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi zake. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma, na injini inaweza kunoki, yaani kufa kabisa, ndani ya dakika chache. Gari livutwe. Kama inapepesa ukisimama tu na ukikanyaga mafuta kidogo inazima, una nafasi ya kuchunguza, ila si nafasi ya kwenda nalo Iringa.

Anza na stiki. Gari liwe sehemu tambarare, injini izimwe kama dakika tano ili oili irudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, futa stiki, chomeka, chomoa, soma. Ikiwa oili iko chini ya alama ya chini, ongeza kisha tafuta inakopotelea. Taa inayopepesa ukikata kona au ukifunga breki karibu kila mara inatokana na oili kupungua: oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Kuzidisha nako ni kubaya, kwa sababu krenki inaipiga oili ikawa povu, na povu halishiki presha. Nusa pia hiyo stiki. Ikinuka petroli, oili imechanganyika nayo ikawa nyepesi, na mara nyingi chanzo ni nozeli inayovuja au plagi isiyochoma vizuri. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo habari ya taa iache kwanza, nenda kwenye gasketi ya silinda hedi.

Kisha jiulize inapepesa lini. Mzee mmoja wa Kimara aliniletea Corolla akiwa ameshaambiwa kwingine anunue pampu mpya. Nikamsalimu, nikamuuliza, “Mzee wangu, inapepesa wakati gani?” Akasema, “Jioni, kwenye foleni ya Ubungo. Asubuhi haina neno.” Injini ya moto, mizunguko ya chini. Jibu hilo lingeweza kumaanisha beringi zimelegea, na lingeweza pia kumaanisha swichi inayokosea ikipata joto. Kwa masikio na macho huwezi kuzitofautisha hizo mbili. Geji ya presha ya oili inaweza.

Ila kabla ya geji, angalia waya, kwani ni bure. Swichi ya presha iko kwenye bloku, yaani mwili wa injini, kwa Toyota nyingi si mbali na filta ya oili, na ina waya mmoja tu. Washa ufunguo wa gari bila kupiga starter: taa iwake. Chomoa ule waya: taa izime. Isipozima, au ikipepesa ukiutikisa, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Gari linalopepesa taa kwenye rafu road tu mara nyingi ugonjwa wake ni huo. Tazama pia ndani ya soketi. Ukikuta oili, swichi inavuja kupitia katikati yake, ibadilishe bila mjadala.

Sasa geji. Tafuta ya kusoma hadi 7 bar au 100 PSI, yenye nati inayoingia kwenye tundu la swichi. Tundu la Toyota ni la uzi wa inchi 1/8 wa aina ya BSPT, meno 28 kwa inchi. Geji za Kimarekani huja na uzi wa NPT wa meno 27. Unaingia mizunguko ya mwanzo kama ndio wenyewe, halafu unaharibu uzi wa bloku. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, uliza kwa jina, na uende na swichi ya zamani mkononi. Funga geji, washa, subiri injini ipate moto hadi feni izunguke, ndipo usome. Kipimo cha injini baridi hakina maana. Kwa 4A-FE, sailensi isipungue 0.3 bar, na kwenye RPM 3000 (mizunguko 3000 kwa dakika) iwe kati ya bar 2.5 na 5. Ya yule mzee ilisoma zaidi ya 1 ikiwa moto sailensi, na kwenye mizunguko ya juu ikapanda vizuri. Tulibadilisha swichi tu.

Geji ikithibitisha presha ni ndogo, mwaga oili na filta uiweke pembeni. Ipasue kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, maana unga wa msumeno utakudanganya. Kunjua karatasi yake juani. Chembe zinazong’aa ambazo sumaku haizishiki mara nyingi ni mabaki ya beringi. Kama karatasi ni safi, weka filta ya kuaminika na oili ya unene ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha upime tena.

Hapa ndipo watu wanaponiudhi kwa kweli: kumwaga oili nzito ya 20W-50 kwenye injini ili taa izime. Taa itazima, ndiyo. Beringi zitabaki vile vile, nawe umeondoa onyo la pekee ulilokuwa nalo. Mfumo huu ni sawa na bomba la mtaa lililotoboka njiani: nafasi za beringi zikipanuka, oili inamwagika huko, na sehemu za mwisho zinapata matone. Oili nzito inapunguza kumwagika, haizibi tundu.

Presha ikiwa bado chini na filta ni safi, shusha sampu kabla ya kuigusa pampu. Strena, wavu unaochuja oili kabla haijaingia kwenye pampu, imo humo. Nimezikuta zimezibwa na matope ya oili isiyobadilishwa kwa wakati, na mara nyingi zaidi na vipande vya silikoni, ile gundi ya kuzibia sampu. Fundi aliyefunga sampu mara ya mwisho alipaka nyingi, iliyozidi ikabanduka ndani ikavutwa hadi kwenye wavu. Ukiwa hapo chini, fungua kepu ya konrodi moja (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na utazame beringi yake. Ikiwa imekwaruzika au rangi ya shaba imeanza kutokea, pampu mpya haitakusaidia chochote. Beringi zikiwa nzima, ndipo ufungue pampu, uangalie valvu ya kupunguza presha kama imekwama na gia zake kama zimelika.

Ukimaliza kufunga, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupeleka petroli kwenye injini) na upige starter kwa vipindi vifupi mpaka taa izime, ili oili ifike kwenye beringi kabla injini haijawaka. Rudisha fyuzi, washa, ipate moto, na geji ikiwa bado imefungwa usome tena kabla ya kurudisha swichi.