Namna ya Kuchagua Mazabodi Itakayodumu

Mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, huja ya pili. Anza na prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa kuwa prosesa ndiyo inayoamua soketi (tundu inamokaa), na soketi ndiyo inayoamua ni chipseti zipi (chipu zinazosimamia porti na sloti za mazabodi) ziko mbele yako. Anayeanza na mazabodi kwa kuvutiwa na taa na rangi huishia kutafuta prosesa ya kuifaa mazabodi, badala ya prosesa ya kuifaa kazi yake.

Ukishapata majina ya mazabodi mbili tatu, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji upakue kitabu cha maelekezo cha kila moja kabla hujalipa. Ni bure. Makosa mengi ya uchaguzi yanayoelezwa hapa yameandikwa wazi humo, kwa herufi ndogo, kwenye kurasa ambazo watu huzifungua mashine ikishagoma kuwaka.

Soketi, chipseti na toleo la BIOS

Soketi ya Intel LGA1700 hupokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14. Mazabodi zake zipo za DDR4 na za DDR5 (vizazi viwili vya RAM), hivyo hakikisha umesoma jina lote la modeli. Herufi na tarakimu D4 mwishoni kwa kawaida huashiria DDR4. LGA1851, ya Core Ultra 200S, ni DDR5 tu. Kwa AMD, mtengenezaji mwingine wa prosesa, AM4 ni DDR4 na AM5 ni DDR5. RAM za aina hizi mbili hazibadilishani, maana pengo la kwenye ukingo limewekwa mahali tofauti makusudi.

Prosesa kuingia kwenye soketi si ithibati kwamba itafanya kazi. LGA1151 ilitumiwa na vizazi vya 6 hadi 9 vya Intel, lakini prosesa ya kizazi cha 8 au 9 haiwaki kwenye mazabodi yenye chipseti za mfululizo wa 100 au 200, ingawa inakaa sawasawa. Kwa hiyo tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa katika ukurasa wa mazabodi yenyewe. Usiangalie jina la prosesa peke yake, angalia pia safu ya toleo linalohitajika la BIOS, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine. Mazabodi iliyokaa ghalani muda mrefu yaweza kuwa na toleo la zamani, na prosesa mpya ikikutana nalo utaona feni zinazunguka na skrini nyeusi. Wengi hurudisha bidhaa nzima kwa sababu hiyo.

Kinga yake ni kuchagua mazabodi inayoweza kusasishwa BIOS bila prosesa wala RAM. Ina kitufe cha kazi hiyo nyuma, na porti moja ya USB iliyowekewa alama. Unaiandaa flashi kwa mfumo wa FAT32, unaweka faili la BIOS na kulibadili jina kama kitabu kinavyoelekeza, unaunganisha umeme wa pini 24 na wa prosesa, kisha unabonyeza kitufe mpaka taa ianze kumweka. Hapo usiguse kitu hadi taa iache kumweka.

Kuhusu chipseti, swali ni moja: utaiongezea prosesa kasi kupita ile ya kiwandani? Kama hapana, chipseti za Z za Intel ni gharama ya bure, na B760 au B860 inatosha. Prosesa za Intel zenye herufi K hufunguka kikamilifu kwenye Z tu. Kwa AMD, B650 na B850 huruhusu kuongeza kasi, A620 hairuhusu kwa prosesa. H610 ni ya kubana matumizi kweli: sloti mbili za RAM na nafasi chache za kupanua. Inafaa mashine ya ofisini, haifai mashine unayotarajia kuikuza.

Umeme wa prosesa: hapa ndipo uimara ulipo

Pawa saplai hupeleka volti 12. Prosesa inataka kama volti 1 na ushei. Saketi ya kushusha umeme huo, iitwayo VRM, imezunguka soketi upande wa kushoto na wa juu, na ndiyo inayoteseka kuliko sehemu nyingine yoyote ya mazabodi. Core i9-13900K imewekewa kikomo cha wati 253. Kwa volti 1.2 hizo ni zaidi ya ampia 200 zinazopita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha. Core i5-12400 hufika wati 117 tu. Ryzen 7 7700 hufika 88, na Ryzen 9 7950X 230. Mazabodi iliyo imara kwa mojawapo ya hizi inaweza kuwa dhaifu kwa nyingine, ndiyo maana kauli kwamba “mazabodi hii ni nzuri” haina maana mpaka prosesa itajwe.

VRM iliyozidiwa haiungui papo hapo. Hujikinga kwa kuipunguzia prosesa umeme. Dalili yake ni mashine kuanza kazi nzito kwa kasi nzuri, kisha baada ya dakika kumi au ishirini kasi inashuka ghafla huku joto la prosesa lenyewe likiwa la kawaida. Watu hununua feni mpya ya prosesa, na tatizo halikuwa hapo.

Namna ya kuipima kabla ya kununua: tazama picha. Kama vipande vya VRM viko wazi, bila bati la kupoza, mazabodi hiyo iachie prosesa za wati 65. Bati liwe zito na lenye mikunjo inayopitisha hewa. Kifuniko laini cha plastiki kilichopakwa rangi ya chuma hakipozi chochote. Idadi ya fezi (mafungu ya VRM yanayogawana kazi) inayotangazwa, mfano 12+2, isikubabaishe. Fezi 12 huenda ni 6 za kweli zilizopangwa mbilimbili, na hilo si baya, mradi kila kipande kina uwezo wa kutosha. Ampia 50 au zaidi kwa kipande ni dalili njema, na wanaozitaja wazi kwenye maelezo kwa kawaida ni wale wasio na cha kuficha. Sita zenye ampia 80 zinaweza kushinda kumi na mbili za bei rahisi.

Tundu la umeme wa prosesa liwe la pini 8. La pini 4 peke yake ni la prosesa ndogo. Tundu la pili lipo hasa kwa wanaoongeza kasi, na mashine ya kawaida huwaka vizuri bila hilo. Usilijaze kwa kebo ya kadi ya grafiki: nayo ina pini 8, ila mpangilio ni mwingine, na anayelazimisha hupeleka volti 12 mahali pa nguzo hasi.

Jambo linalosahaulika: kipoza joto cha maji hupeleka feni mbali na soketi, basi VRM hukosa upepo uliokuwa ukiipitia bure kutoka kwa feni ya kawaida ya prosesa. Ukitumia cha maji, ongeza feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, usawa wa VRM.

RAM na sloti

Sloti nne hazimaanishi ujaze nne. Kwa Ryzen 7000, AMD inakubali rasmi kasi ya 5200 kwa RAM mbili za DDR5, na 3600 ukiweka nne. Nunua mbili kubwa, uziweke kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu huziita A2 na B2. Ukiweka ya kwanza na ya pili, unaweza kupoteza njia mbili za data kati ya RAM na prosesa na kubaki na moja. Linganisha pia namba kamili ya modeli ya RAM na orodha ya zilizojaribiwa na mtengenezaji. Isiyomo si lazima igome, lakini iliyomo inakupa hoja ukihitaji waranti.

Sloti ndefu za kadi nazo hudanganya macho. Ya juu huwa na njia 16 kamili za data. Ya chini ina umbo lilelile, lakini mara nyingi ndani ni njia 4 za chipseti. Kwenye nafasi za M.2 (za SSD nyembamba zinazolala juu ya mazabodi), tafuta jedwali la zinazogawana njia: mara nyingi ukijaza M.2 ya pili au ya tatu, porti mbili za SATA, za diski za kebo, huzimika. Mwenye diski nne za zamani huja kushangaa moja haionekani, akidhani imekufa.

HDMI ya nyuma ya mazabodi haitoi picha kama prosesa haina grafiki ndani yake. Za Intel zenye F mwishoni hazina. Ryzen 5000 zisizo na G hazina. Ryzen 7000 na 9000 nyingi zinazo.

Ukubwa na viunganishi

ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. Micro-ATX humtosha mtu mwenye kadi moja ya grafiki, na pesa inayobaki unaweza kuielekeza kwenye VRM bora. Hesabu porti za USB unazotumia sasa, uongeze mbili. Angalia kama kasha lako lina USB-C mbele, maana hiyo inahitaji kiunganishi chake maalumu kwenye mazabodi, na mazabodi nyingi za bei ya chini hazina.

Mtengenezaji anayeendelea kutoa BIOS

Fungua ukurasa wa msaada wa mazabodi iliyotolewa miaka mitatu iliyopita na kampuni hiyohiyo, uone toleo la mwisho la BIOS ni la lini. Hili si pambo. Mwaka 2023 AMD ilibidi iwekee kikomo cha volti 1.3 kwa SoC ya Ryzen 7000 (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM na mengineyo), baada ya baadhi ya prosesa kuungua kwenye mazabodi zilizokuwa zikipeleka zaidi. Mwaka 2024 Intel ilitoa mikrokodi mpya (maelekezo ya ndani ya prosesa) kuzuia prosesa za kizazi cha 13 na 14 zisiharibiwe na volteji ya kupindukia. Marekebisho yote hayo hukufikia kupitia BIOS ya mtengenezaji wa mazabodi. Akichelewa, prosesa yako inaendelea kulika.

Ukinunua iliyotumika, omba picha ya karibu ya soketi ikiwa wazi. Kwenye LGA, yaani soketi za Intel na AM5, pini ziko ndani ya mazabodi, na mmoja uliopinda huweza kuzima njia nzima ya RAM. Kagua kapasita (vidude vya mviringo vinavyohifadhi umeme): kichwa kiwe bapa, bila uvimbe wala ute wa kahawia. Kagua pia bati la nyuma kama lipo, na herufi za namba ya mfululizo kama zinasomeka.

Kabla ya kufunga kila kitu

Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, funga prosesa, kipoza joto na RAM moja kwenye A2, uwashe. AM5 huweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi mara ya kwanza ikijifunza RAM, kwa hiyo usizime umeme kwa papara. Mazabodi yenye taa nne ndogo za CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia) inastahili kulipiwa zaidi kidogo. Taa inayobaki inawaka ndiyo inayokuambia pa kutafuta.

Ikiwaka, iingize kwenye kasha. Hesabu vinguzo vya shaba ndani ya kasha vinavyoibeba mazabodi, uondoe kila kisicho na tundu la mazabodi juu yake, kwani kimoja tu kikigusa mgongo wa mazabodi husababisha shoti. Kisha acha MemTest86, programu ya kupima RAM, imalize mizunguko minne, na uipe prosesa kazi nzito kwa nusu saa huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto la VRM. Chini ya nyuzi 90 hakuna shaka. Ikikaribia 110, irudishe wakati muda wa kurudisha haujapita. Kile kifuniko cha plastiki cha soketi usikitupe, kwa sababu watengenezaji wengi huikataa mazabodi ya waranti iliyotumwa bila hicho.