Kutofautisha pedali ya mwangwi ya analogi na ya dijitali

Anayenunua pedali ya mwangwi iliyokwishatumika, yaani kifaa cha gitaa kinachokanyagwa ili kurudia noti baada ya muda mfupi, asiliamini upesi neno "analogi" analoambiwa na muuzaji, kwa kuwa pedali nyingi za mwangwi za bei nafuu hutumia chipu ya PT2399, ambayo ni ya dijitali, yaani hugeuza sauti kuwa tarakimu kabla ya kuichelewesha, ingawa mlio wake ni wa kizamani na, kwa kweli, unapendeza.

Jambo la kwanza la kuangalia ni urefu wa ucheleweshaji. Chipu za analogi hupokezana chaji ya umeme kutoka kapasita (kijenzi kidogo kinachohifadhi chaji) moja hadi nyingine, mithili ya watu waliojipanga mstari wakipeana ndoo za maji, na kadiri muda unavyorefushwa ndivyo sauti inavyofifia na kuchafuka. Ndiyo maana pedali ya DM-2 ya kampuni ya Boss ya mwaka 1981, ambayo ni ya analogi, iliishia milisekunde 300, ilhali DD-2 ya mwaka 1983, ya dijitali, ilifika 800. Pedali inayotoa sekunde mbili safi ni ya dijitali.

Kisha piga noti moja na usikilize marudio yake: ya analogi huzidi kuwa mazito na yenye giza, ya dijitali hubaki yakifanana na noti ya kwanza, isipokuwa pale mtengenezaji alipoiga kusudi. Soma pia kiasi cha umeme kilichoandikwa. Pedali rahisi ya analogi mara nyingi huhitaji miliampea chache tu. Ya dijitali huweza kuhitaji 50 au zaidi, na huimaliza betri ya volti 9 haraka.