Kuchapisha makala kwenye jarida la Scopus bila kuliwa pesa

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia maktabani hapa Kisumu akicheka peke yake. "Mwalimu, wamenikubali!" Makala yake yalilinganisha omena, dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu, na wale wa vichanjani, pale ufuo wa Dunga. Aliyatuma Jumatatu, Alhamisi barua ya kukubaliwa ikafika, pamoja na ankara ya dola 300. Moyo ulinipiga. Wahakiki, wale wataalamu wanaoyapima makala kabla hayajakubaliwa, gani hao wa siku tatu?

Hatua ya 1: Andaa makala. Kuandika unajua. Ila tasnifu ya sura tano haiingii jaridani nzima nzima, ikate. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya serikali ya Kenya, na namba ya kamati ya maadili uwe navyo kabla ya kwenda nyanjani, kwa sababu mhariri atauliza. Marejeleo yapange kwa programu ya Zotero, ni ya bure. Anayeyapanga kwa mkono hadi leo anajitesa tu.

Hatua ya 2: Chagua jarida. Achana na baruapepe zinazokuita "Profesa mtukufu" wakati hata shahada ya pili hujamaliza. Fungua marejeleo yako mwenyewe uhesabu ni jarida gani limejirudia. Wasomaji wako wako huko.

Hatua ya 3: Likague. Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo nilipopotezea mchana mzima.

Scopus ni hifadhidata inayoorodhesha majarida ya kitaaluma, lakini nembo yake kwenye tovuti ya jarida si ushahidi. Hata mimi naweza kuibandika kwenye picha ya harusi yangu. Nenda kwa Scopus wenyewe, ukurasa wa Sources, ambao hauhitaji kulipiwa. Tafuta kwa ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, usitafute kwa jina, kwa kuwa majina ya majarida hufanana mno. Kisha tazama miaka. Jarida laweza kuonekana pale na kumbe lilishaachwa: ukikuta miaka imekomea zamani, makala yako mapya hayataingia. Web of Science, hifadhidata nyingine kama Scopus, nao wana orodha yao, Master Journal List, ya bure vilevile. Google Scholar usiihesabu, ile huokota karibu kila kitu.

Jarida la huyu dada lilipita kote huko. ISSN sawa, miaka inafika hadi leo. Nilibaki kidogo tu nimpe hongera. Jioni ndipo nikang'amua: jarida ni la kweli, tovuti ni ya wezi. Walikuwa wamechukua jina, ISSN na hata majina ya wahariri, wakajijengea tovuti pacha.

Kila makala hupewa DOI, namba yake ya kudumu mtandaoni. Nilichukua ya makala moja kwenye tovuti yao, nikaiandika baada ya doi.org/ na kubonyeza. Patupu. Nikajaribu nyingine nne: mbili patupu, mbili zikanipeleka kwenye makala ya watu wengine kabisa. Nikamtafuta mchapishaji anayetajwa na Scopus, nikaingia kwake. Toleo lake lina makala nane, yote ya vyakula. Toleo la wale wezi lina zaidi ya mia, kuanzia omena hadi sheria za ndoa. Siku hizi naanza na DOI kabla ya lolote. Ni kazi ya dakika tano.

Lakini DOI kufunguka hakukupi kinga, kwani majarida mabovu nayo hulipia na kuzipata. Wala jarida dogo lisilo na DOI si lazima liwe la wizi. AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika, ina mengi ninayoyaheshimu kuliko baadhi ya hayo ya ng'ambo. Ila chuo chako kikisema Scopus, ni Scopus.

Na kama umeshatuma? Usilipe, usitie sahihi fomu ya haki miliki. Waandikie kwamba unayaondoa makala na utunze kila baruapepe. Wale walimdai "ada ya kujiondoa", nikamwambia asithubutu.

Hatua ya 4: Ada. Majarida mengi yanayouzwa kwa maktaba hayamtozi mwandishi, nami huanzia hapo. Kwa yale ya wazi, yanayosomwa bure mtandaoni, orodha iitwayo DOAJ huonyesha yanayotoza na yasiyotoza. Wachapishaji wengi huwapunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi kama yetu, lakini omba unapotuma. Ukingoja hadi ukubaliwe, wengine hawakusikilizi. Mawakala wanaoahidi "kukuchapishia" kwa malipo ya M-Pesa, wapishe.

Hatua ya 5: Tuma. Jarida moja kwa wakati mmoja. Basi.

Hatua ya 6: Wajibu wahakiki. Chora jedwali: hoja yao, jibu lako, ukurasa ulipobadilisha. Usijibu siku uliyoyasoma maoni, utatukana mtu.

Yule dada alituma kwenye jarida halisi, akangoja miezi saba. Mhakiki wa pili alitaka kujua kiasi cha mchanga kilichobaki kwenye omena wa chini, jambo ambalo sisi sote tuliokula omena hapa tunalijua kwa meno. Alirudi Dunga siku mbili, akanunua omena, akawaosha, akaupima mchanga kwa mizani ya maabara, akaongeza jedwali moja.