Somo: Kukata tiketi ya treni kwa Kiindonesia

Uko stesheni ya Gambir, Jakarta, unataka kwenda Yogyakarta. Kwa matamshi sisi tuna bahati: a, i, o, u ni zile zile, mkazo kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho, na ny ni ya "nyumba". Kumbuka tu kwamba c husomwa ch, na ng ni ng' ya "ng'ombe". Baada ya ng', g husikika pale tu wanapoandika ngg, kama *tunggu* (subiri).

1. Salimu. *Selamat pagi* ni ya asubuhi, *siang* mchana, *sore* jioni, *malam* usiku. Ongeza *Pak* kwa mwanamume mtu mzima, *Bu* kwa mwanamke. Kwa vijana, hasa kisiwani Java, *Mas* na *Mbak*. Ukiacha utaeleweka, ila ni kama kuingia kwa watu bila hodi.

2. Sema unakokwenda. *Saya mau beli tiket ke Yogyakarta, untuk hari ini.* Mimi, nataka, nunua, tiketi, kwenda Yogyakarta, ya leo. Kitenzi hakibebi nafsi wala wakati, na ngeli hakuna. (Sisi tuliowatesa wageni kwa ngeli, hii ni zawadi.) Wawili? *Dua tiket.* Madaraja utakayosikia zaidi ni *eksekutif* na *ekonomi*. Kiti cha dirishani: *dekat jendela*.

3. Uliza saa. *Jam berapa berangkat?* Inaondoka saa ngapi? Hapa tulia, maana hapa ndipo Mswahili anaachwa na treni. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane. *Tujuh* ni saba, lakini *jam tujuh pagi* ni saa moja asubuhi yetu, na *jam satu siang* ni saa saba mchana. Toa sita au ongeza sita.

Halafu kuna nusu. *Setengah delapan*, neno kwa neno "nusu nane", si nane na nusu. Ni nusu ya kuelekea nane, yaani saa moja na nusu kwetu. Ukilisikia *setengah*, rudi nyuma. Ukibaki na shaka, mwombe aandike: *Tolong ditulis, Bu.*

4. Bei. *Berapa harganya?* Namba: satu, dua, tiga, empat, lima, enam, tujuh, delapan, sembilan, sepuluh. *Puluh* ni makumi, *ratus* mamia, *ribu* maelfu. *Dua ratus lima puluh ribu* ni rupia laki mbili na nusu. Usishtuke, noti zao zina sifuri nyingi.

5. Toa pasipoti. *Ini paspor saya.* Tiketi ya safari ndefu hubeba jina la abiria na namba ya kitambulisho, na hukaguliwa kabla ya kupanda.

Maswali yenu

*Mwalimu, nikitaka ya kesho?*
Kesho ni *besok*, kesho kutwa *lusa*. Lakini madirisha mengi huuza tiketi za treni zinazokaribia kuondoka tu. Za siku za mbele wenyeji hununua kwa simu, kwenye programu ya Access by KAI. Uliza: *Untuk besok, beli di mana?*

*Nilisoma Kuala Lumpur, na kule kereta ni gari. Nimechanganyikiwa.*
Una haki. Kwa Kimalei cha Malaysia *kereta* ni gari dogo. Indonesia gari ni *mobil*, na *kereta* au *kereta api* ni treni.

*"Jam berapa" na "berapa jam" si kitu kimoja?*
Hapana. *Jam berapa* ni saa ngapi. *Berapa jam* ni muda wa saa ngapi. Ukigeuza, utauliza treni inaondoka lini ukajibiwa urefu wa safari.

*Akisema "habis"?*
Zimekwisha. Usiondoke dirishani, uliza *Ada kereta lain?* Kuna treni nyingine? Pengine ipo inayotoka Pasar Senen, stesheni nyingine ya hapo hapo Jakarta, ambako treni nyingi za ekonomi huanzia.

*Na kwenda na kurudi?*
*Pulang pergi.* Wao hutanguliza kurudi. Kwenda tu ni *sekali jalan*.

*Nikishapata tiketi, nitajuaje nisimame wapi?*
*Di jalur berapa?* Njia namba ngapi? Na kabla hujapandisha mzigo, mwulize aliye karibu: *Ini kereta ke Yogyakarta?* Akisema *bukan* (siyo), usipande.