Jinsi ya kuomba taarifa za shule yenu ziondolewe kwenye websaiti ya biashara

Hii ni kwa walimu wakuu na makatibu wa shule huku kwetu Mtwara na Lindi, maana korosho zikishauzwa mnadani na hela ikaingia wazazi wa Newala na Tandahimba wanaanza kugugo shule ya Januari, na wanachokutana nacho cha kwanza sio nyie, ni websaiti ya mtu msiyemjua kaweka jina la shule, ada ya zamani, namba ya mhasibu aliyeshahama na kitufe cha "Omba nafasi hapa". Ruhusa hajaomba.

Kwanza msimpigie kumgombeza. Pigeni skrinshoti kila ukurasa, linki na tarehe vionekane, maana akishtuka anafuta usiku na ushahidi hamna.

Halafu mchague cha kudai. Jina la shule, wilaya, matokeo ya NECTA, hivyo viko wazi kwa kila mtu, msipoteze muda. Daini namba binafsi ya mwalimu, picha za watoto, ada ya uongo, nembo, na hicho kitufe, ambacho kwangu mimi ndo kibaya kuliko vyote kwasababu mzazi anaamini anaongea na shule.

Sasa barua. Iwe na kichwa cha shule, muhuri, sahihi, anwani na simu, tumeni kwa imeili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatambua notisi ya kuondoa maudhui, kwahiyo tajeni linki moja moja, haki gani imevunjwa na mnataka kifanyike nini. Fupi tu, mfano: "Kwenye linki hii mmeweka namba ya mtumishi wetu bila ridhaa yake. Tunaomba muiondoe, pamoja na kitufe cha maombi, kwa kuwa shule haipokei maombi kupitia kwenu." Shule ya serikali nakala iende kwa afisa elimu wa halmashauri. Kama websaiti haina mawasiliano angalieni whois, yaani kumbukumbu za mtandaoni za usajili wa majina ya websaiti, mjue imesajiliwa kupitia kampuni gani, barua hiyohiyo iende huko.

Wakikausha, nendeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), lalamiko linapokelewa mtandaoni hamna haja ya kupanda basi Masasi mpaka Dodoma. Ila hapa wengi ndo wanakwama: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za mtu, sio za taasisi, kwahiyo alalamike mwalimu mwenye namba yake au mzazi wa mtoto aliyeko pichani, nyie shule mumsaidie kuandika na mumpe skrinshoti. Kama kuna mzazi ameshatuma hela hiyo ni ya polisi, na apige mtandao wa simu saa hiyohiyo wajaribu kuizuia.

Wakishafuta na Google bado inaonyesha ya zamani, kuna fomu yao ya kuomba maudhui yaliyopitwa na wakati yatolewe, ni bure. Wakati mnasubiri wekeni namba sahihi kwenye grupu la wasapu la wazazi na mbandike getini, ada ya mwaka huu pia.