Kalamu ya insulini ya nusu yuniti kwa mtoto mdogo

Kabla hujalipia kalamu ya insulini ya mtoto, zungusha kitufe cha nyuma mlio mmoja tu, uangalie dirisha la namba. Ikiruka kutoka 0 hadi 1, hiyo ya yuniti nzima. Tafuta inayosimama kwenye kistari cha kati, yaani nusu. NovoPen Echo ni mojawapo. Mtoto aliyeandikiwa yuniti 1.5 ukimpa 2 umemzidishia theluthi nzima, na kwa mwili mdogo hiyo yatosha kumshusha sukari usiku akatota jasho. Mtu mzima wa yuniti 40 wala hahitaji, tena Echo inakomea 30 kwa mchomo mmoja.

Lakini uliza kwanza dukani, iwe Darajani Unguja au Chake Chake Pemba, kama katriji (vijirija vya insulini vinavyotiwa ndani ya kalamu) za mililita 3 za kampuni ileile zinapatikana kila mwezi. Zikiwepo vichupa vya mililita 10 peke yake, kalamu itakaa kabatini bure. Hapo chukua bomba la insulini la mililita 0.3 lenye vistari vya nusu yuniti. Dozi yenyewe apange daktari wake.